Maswali kwa Mwalimu: Sapu mbili, na baba nimemwambia nimefaulu

Mwalimu wa safu hii alifundisha takwimu chuo kikuu mpaka alipostaafu. Barua tumezifupisha, na majina ya walioandika hatuyatoi.

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, niko mwaka wa kwanza, nasomea uchumi katika chuo kimoja hapa Morogoro. Kidato cha sita nilisoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), nikapata daraja la pili. Matokeo ya semesta ya kwanza yametoka na nimekula sapu mbili, yaani masomo mawili ya kurudia mtihani: Hisabati kwa Wachumi nimepata E, Utangulizi wa Uhasibu nimepata D. Mengine ni Uchumi B, Takwimu C, Stadi za Mawasiliano B+, Masomo ya Maendeleo B. GPA, wastani wangu wa pointi, inasoma 2.0.

Sijawahi kufeli somo tangu darasa la kwanza. Nilipofungua akaunti yangu nilidhani mfumo umechanganya majina. Mkopo wangu ulitoka awamu ya tatu, hivyo nilichelewa kuripoti, hosteli nikakosa, na mpaka Desemba nilikuwa nabebwa na rafiki kwenye kitanda kimoja. Tesiti ya kwanza ya Hisabati niliifanya wiki ileile niliyofika. Wenzangu wa chumbani wote wametoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Wanapiga maswali ya kalkulasi huku wanasikiliza muziki, mimi nawaangalia tu.

Baba yangu ni mkulima Kilosa. Nimemwambia nimefaulu. Kuna kaka wa mwaka wa tatu anasema ana mtu wake idarani, nikitoa laki moja na nusu E yangu inakuwa C kabla matokeo hayajapita Seneti. Wengine wananiambia nihame kozi, niende Elimu. Usiku silali. Je, ni kweli kwamba hesabu ni za watu wa EGM? Nifanyeje?

Alama zangu: Hisabati koziweki (tesiti na kazi za semesta) 14 kwa 40, UE (mtihani wa mwisho) 19 kwa 60. Uhasibu koziweki 16, UE 21.

Sapu Mbili, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Nikushukuru kwa jambo moja kabla ya yote: umeniletea koziweki peke yake na UE peke yake. Wengi wanaoniandikia huanza na "nimefeli", wakafuatisha kurasa mbili za majonzi, alama hakuna hata moja. Nawajibu nini hao?

Tuikokotoe hiyo Hisabati. Ukijumlisha 14 na 19 unapata 33, na E inaishia 34. Sasa iache UE yako kama ilivyo, hiyohiyo 19 unayoionea aibu, ubadilishe koziweki tu iwe 22, alama ya kawaida kabisa kwa mtu aliyekuwepo tangu wiki ya kwanza. Jumla inakuwa 41. Hiyo ni C, umefaulu, na barua hii usingeiandika. Kwenye Uhasibu ulibakiza alama 3 kufika 40. Alama 3 zinapatikana kwenye kazi ya kikundi moja ambayo jina lako halikuandikwa kwa sababu ulikuwa bado unahangaika na usajili.

Alama zako, basi, zilianza kupotea Novemba na Desemba, wakati unalala kitanda cha kubebana na kufanya tesiti ya mada ambazo hukuwepo zikifundishwa. Mtihani wa Februari ulikuta shimo limeshachimbwa. Nakueleza hivi kwa sababu ukiamini kwamba kichwa chako ndicho kilichofeli mtihani, utaenda kukesha na madesa, yale makaratasi ya majibu ya kunakiliana, usiku kucha, na koziweki ya semesta hii itakupita vilevile. Na lingine la kukumbuka kwa siku zijazo: mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu inayoeleweka anaruhusiwa kumwandikia mwalimu wa kozi, nakala kwa mkuu wa idara, kuomba tesiti maalumu. Watoto wetu hawaandiki. Wanaogopa kuonekana wasumbufu. Mimi nilikuwa napenda sana hao wasumbufu, maana barua yao inakaa kwenye faili na mwisho wa semesta nina cha kuonyesha.

Hesabu ni za watu wa EGM? Wenzako walisoma hisabati ya juu miaka miwili, wewe ulisoma BAM, ile hisabati ya msingi, kama somo la pembeni, labda vipindi viwili kwa wiki, tena na mwalimu aliyekuwa anasema "hii haiwasaidii sana nyie wa HGE". Semesta ya kwanza kwao ilikuwa marudio, ndiyo maana muziki hauwasumbui. Marudio yataisha. Nimewaona wengi wa EGM wakizubaa mwaka wa pili hapohapo marudio yalipoisha, kwa kuwa hawakuwahi kujenga mazoea ya kusoma.

Halafu wewe una kitu ambacho hujui kama unacho. Chukua tanuri la mikate. Tuseme gharama yake yote kwa siku ni 500 + 20q + 2q², ambapo q ni idadi ya mikate. Mwalimu wako wa Hisabati atakwambia nyambua, yaani tafuta gharama inaongezeka kwa kasi gani, utapata 20 + 4q, kisha ataendelea na ubao. Wewe simama hapo. Weka q iwe 10, unapata 60. Maana yake: mwokaji akishaoka mikate 10, mkate unaofuata utamwongezea gharama ya karibu shilingi 60. Akifika mikate 20, mkate unaofuata unagharimu karibu 100. Hiyo ndiyo gharama ya nyongeza uliyoichora kidato cha tano kwenye Uchumi, ule mstari unaopanda kwenda kulia. Unaijua kwa mchoro na kwa maelezo ya kurasa mbili, na ndiyo maana Uchumi una B. Kilichobaki ni kuijua kwa alama za hesabu, na kazi hiyo ni ya wiki kadhaa za jasho, haihitaji kuzaliwa upya. Tafuta kitabu cha BAM cha kidato cha tano na sita, usione haya, rudia mada mbili tu, fankisheni na unyambuzi, kila swali la zoezi kwa mkono wako. Ukimaliza hapo ndipo ushike pasti pepa za chuo. Desa lina jibu lililokwisha kamilika. Ukilisoma unaona kila mstari unaeleweka, unajidanganya kwamba umejua, na kwenye chumba cha mtihani unakuta hujui mstari wa kwanza unaanzaje.

Semina nayo usiende mikono mitupu. Nenda na swali ulilolijaribu likakukwamia, umwonyeshe mwalimu msaidizi mahali penyewe: "Nimefika hapa, nimekwama." Atakujibu kwa dakika tatu. Ukimwambia "Mwalimu, sijaelewa kalkulasi" atakuhutubia nusu saa na utatoka ulivyoingia.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko sapu zako. Vyuo vyetu vingi huamua hatima ya mwanafunzi mwishoni mwa mwaka wa masomo, semesta zote mbili zikijumlishwa. Kuna kiwango cha GPA ambacho ukishuka chini yake huitwi hata kwenye hizo sapu, unadisko, yaani unaondolewa chuoni, moja kwa moja. Fungua mwongozo wa chuo chako leo, sura ya kanuni za mitihani, uisome namba hiyo kwa macho yako. Usimwulize CR, kiongozi wa darasa, wala rafiki, kila mtu ana ya kwake aliyoisikia kwenye kimbweta. Wewe uko 2.0. Ukiitumia semesta ya pili yote kulilia Hisabati ya semesta ya kwanza, ukaangusha masomo mengine mawili, utafika Julai huna hiyo Septemba ya kufanyia sapu. Kwa hiyo mpaka mitihani ya Julai iishe, masomo ya semesta ya pili yapewe siku zako nzuri, na sapu zipewe Jumamosi asubuhi. Basi. Baada ya Julai geuza.

Nimekaa na kalamu nikakupigia hesabu. Nimechukulia Hisabati, Uhasibu na Uchumi yana krediti 12 kila moja, na hayo mengine matatu 8 kila moja, jumla 60. Zako zikiwa tofauti, badilisha. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E sifuri. Unazidisha pointi kwa krediti za somo, unajumlisha, unagawanya kwa krediti zote. Kwako inatoka 120 gawanya kwa 60, ndiyo hiyo 2.0 yako. Ukifanya sapu ukafaulu, kwa kawaida hupewi zaidi ya C hata ukipata 90, lakini C mbili hizo zinakuongezea pointi 36 na semesta ya kwanza inapanda hadi 2.6. Zimebaki semesta tano. Ukizisoma kwa wastani wa 3.7, yaani B+ nyingi, B kadhaa na A moja moja, unamaliza na 3.5. Hiyo ni daraja la pili la juu. Haijapatikana kwa miujiza, ni kugawanya tu. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na hapo sitakudanganya: kwa kianzio hiki inabidi upate wastani wa karibu 4.8 semesta zote tano zilizobaki. Nimewahi kuona mtu mwenye akili akiishi hivyo, hakuwa na raha hata siku moja.

Kuhusu sapu zenyewe, uliza mapema kama chuo chako kinahesabu koziweki kwenye sapu. Vipo vinavyoiacha kabisa na kusahihisha karatasi peke yake kwa 100. Kwako hilo lingekuwa afueni, maana 14 na 16 ni mzigo. Uliza pia kama hosteli zitakuwa wazi wakati huo, kwa sababu wenzako watakuwa likizo au kwenye mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi hufeli sapu kwa kufika mjini usiku wa kuamkia mtihani, hawana pa kulala, wameshuka basi na begi. Ile siku bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, litakapoingia, tenga nauli ya Kilosa kwenda na kurudi na kodi ya wiki mbili, umpe mtu mwaminifu akushikie. Na ujiandae kwamba Oktoba pesa ya Bodi ya Mikopo inaweza kukuchelewa wewe kuliko wenzako, maana anayeendelea hulipwa baada ya chuo kuthibitisha matokeo yake, na ya mwenye sapu huthibitishwa mwishoni. Ukaongee na afisa mikopo wa chuo kabla, umjue jina naye akujue sura.

Kuna na namna ya kujibu. Nimesahihisha vijitabu vya majibu mpaka macho yakaomba miwani, na naweza kukwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafelije. Mtihani wa saa tatu unataka maswali manne, kila moja alama 15. Anaanza na swali analolipenda, analijibu saa nzima na dakika ishirini, linang'aa, anapata 13. La pili anapata 8. La tatu ameandika nusu ukurasa. La nne ni namba ya swali tu juu ya ukurasa mweupe, na mstari mmoja unaosema "muda umeisha". Mimi siwezi kuupa alama ukurasa mweupe, hata kama namhurumia. Kwenye Uhasibu ni mbaya zaidi: debiti na krediti zimekataa kulingana, mtoto anatafuta shilingi 4,500 kwa dakika arobaini, anafutafuta mpaka karatasi inatoboka. Msahihishaji anatoa alama kwa kila ingizo lililo mahali pake. Hata jumla zisipolingana, maingizo sahihi yanalipwa. Ziache zisilingane, nenda swali linalofuata, ukibakiwa na muda urudi. Dakika arobaini kwa swali, saa mkononi, zikiisha unahama hata kama uko katikati ya sentensi.

Huyo kaka wa laki moja na nusu. Matokeo hutoka kwa mwalimu wa kozi, yanaenda kwenye kikao cha idara, kikao cha kitivo, kisha Seneti, na mtahini wa nje hupitia sampuli ya karatasi. Kijitabu chako chenye 19 kiko kabatini. Anachofanya kaka huyo ni kuchukua pesa kwa watu kumi, kati yao mmoja au wawili alama zao zitabadilika kwa marekebisho ya kawaida, labda tesiti haikuwa imeingizwa, naye atasema "umeona?" Nane waliobaki hawatamshitaki popote, watashitaki nini? Na kama kweli ana mtu, basi ni rushwa, na utakuwa umempa mtu wa mwaka wa tatu siri ya kukushika nayo mpaka umalize shahada. Siku pesa ikiwa haitoshi ataomba kingine. Nikuandikie waziwazi, kwa kuwa wewe ni binti na nimewaona mabinti wakifika ofisini kwangu wakiwa wamechelewa: kudai mwili kwa ajili ya alama ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, awe anayedai ni mwalimu au mtu yeyote mwenye mamlaka. TAKUKURU wanapigiwa 113 bila malipo.

Njia halali ipo. Kwa D ya 37 nenda kwa mwalimu wa Uhasibu ukiwa na karatasi zako za tesiti, umwombe kwa adabu muangalie pamoja kama koziweki yote imeingizwa. Ikiwa alama 3 zimesahaulika mahali, zitarudishwa bila ugomvi. Rufaa ya UE ina ada na ina mwisho wake wa kupokelewa, na kwa E ya 33 mimi nisingekata. Pesa hiyo nunua kikokotoo kizuri.

Kuhama kozi, hapana. Dirisha la kuhama hufungwa mapema mwanzoni mwa mwaka, kwako limeshapita, na kuanza upya mwaka ujao kuna maswali ya mkopo ambayo sidhani baba yako anaweza kuyabeba. Na hao wanaokwambia "nenda Elimu" waambie Mwalimu kakasirika. Ualimu si jalala la waliofeli kwingine.

Baba. Mpigie Jumapili jioni akiwa ameshaoga na kula, asiwe shambani wala kilabuni na watu. Usianze kwa kulia, maana ukilia atadhani una mimba au unaumwa, na hapo hatasikia kitu kingine. Sema hivi: "Baba, nilikwambia nimefaulu. Masomo manne nimefaulu, mawili nitayafanya tena Septemba. Niliogopa kukwambia." Kisha nyamaza, mwache aseme. Swali lake la kwanza litakuwa "Watakufukuza?" Uwe na jibu, ndiyo maana nimekutuma ukasome kanuni kwanza. La pili litakuwa la pesa. Huenda akakasirika, ana haki, umemdanganya. Lakini baba anayelima akasomesha binti chuo kikuu anajua msimu unavyoweza kuharibika mapema na mtu akapanda tena. Asipoambiwa na wewe ataambiwa na kijana wa jirani anayesoma hapohapo, na simu ya namna hiyo huwa inapigwa saa nne usiku.

Kuhusu kutolala: ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina wanasihi, kazi yao ni hiyo na hawapeleki habari idarani. Nenda wiki hii. Kama mawazo yako yamefika mahali pa kuona afadhali usiwepo, weka gazeti hili chini umwamshe mwenzako wa chumbani, hata kama ni saa tisa usiku, hata kama ni wa EGM.

Mwalimu, asalaam aleikum.

Kijana wangu yuko mwaka wa kwanza uhandisi, Dar es Salaam. Tangu matokeo yatoke simu hapokei, akipokea anasema mtandao mbaya. Mtoto wa jirani amenidokeza kwamba ana sapu nne. Kesho kutwa napanda basi niende chuoni nikaonane na walimu wake uso kwa uso, wanieleze wamemfanya nini mwanangu. Nishauri.

Mama, Tanga

Waaleikum salaam, dada yangu.

Basi panda, lakini kwa walimu usiende. Kijana ameshafikisha umri wa utu uzima, alama zake ni siri yake, na mwalimu mwenye busara hatakufungulia faili. Utakachopata ni kijana wako kuchekwa bwenini mpaka anamaliza: "yule ambaye mama yake alikuja."

Nenda kwake. Mpelekee chakula cha nyumbani, mtoe mkakae mahali pa kivuli nje ya chuo, na mpaka amalize kula usiseme neno la masomo. Kisha umwulize mambo matatu, moja moja. Darasani unaingia? Bumu liliishia wapi? Unaumwa? Sapu nne kwenye uhandisi semesta ya kwanza zinaweza kuwa hisabati na fizikia zimemzidi kasi, hilo lina dawa. Lakini likiwa jibu la pili ndilo linalomfanya atazame chini, basi una kesi nyingine. Vijana wengi siku hizi wanaweka bumu lote kwenye mikeka ya kubeti wiki ya kwanza, halafu wanakosa nauli ya kwenda darasani na wanaona haya kuomba. Ukikuta hivyo, usimlipie deni kwa fedha mkononi. Lipa mwenye chumba, lipa mama ntilie wa mwezi mzima, na yeye mwenyewe aende kwa mnasihi. Walimu atawafuata kwa miguu yake.

Salamu Mwalimu,

Naandika kutoka Eldoret, niko mwaka wa kwanza. Somo moja limetoka na kistari mahali pa alama na mwisho wameandika nimefeli. CAT zote mbili, zile tesiti za katikati ya semesta, nilifanya, mtihani nilifanya. Nikimwuliza mhadhiri ananiambia niende idarani, idarani wananirudisha kwa mhadhiri. Makomredi wananiambia nifanye tu tena mwaka ujao, ni rahisi kuliko kusumbuana. Nikubali?

Komredi Mchovu

Usikubali.

Kistari ni alama isiyofika, na kwenye vyuo vingi vya Kenya CAT ni 30 na mtihani 70, hivyo sehemu moja ikikosekana mfumo unakuhesabu umefeli. Kagua kwanza upande wako: somo ulilisajili kwenye akaunti yako, na msimbo wake ni uleule uliouandika kwenye karatasi ya mtihani? Hapo ndipo wengi wanapopotelea, hasa somo linalofundishwa na idara mbili. Ukishathibitisha, acha kuuliza kwa mdomo. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa mratibu wa mitihani na kwa mhadhiri: jina, namba ya usajili, msimbo wa somo, tarehe ya mtihani, chumba ulichofanyia. Ambatanisha nakala ya kadi ya mtihani na karatasi za CAT kama ulizihifadhi, na uombe waiangalie orodha ya sahihi ya siku hiyo, maana jina lako likiwemo hakuna wa kusema hukuja. Chapisha nakala ya ziada, mwambie katibu aigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usitoke ofisini humo bila nakala yenye muhuri mkononi.